Doa la Punje ya Kahawa

Doa lile lilikuwa na umbo la punje ya kahawa. Lilikuwa la manjano hafifu, si kubwa kupita ncha ya kidole gumba, na katikati lilipitiwa na mstari mwembamba mweupe, kama ule unaoigawa punje ya kahawa pande mbili. Kitambaa kikiwa kimelowa, hulioni. Kikianikwa juani, hulioni. Ngoja sasa kilazwe kwenye ubao na pasi ipite juu ya pindo, hapo ndipo linapojitokeza taratibu, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia akachoka kusimama.

Mzee Pasi aliisimamisha pasi wima, akainama, akanusa.

"Kitunguu saumu," alisema. "Na ndimu kwa mbali."

Hakuwa akiongea na mtu. Alikuwa na mazoea ya kuongea na nguo, na wateja wake walikuwa wameshamzoea. Jina la Mzee Pasi alipewa na mtaa kabla hajawa mzee, na sasa umri ulikuwa umelifikia jina. Udobi ule ulifunguliwa na baba yake, ukashikwa na kaka yake mkubwa mpaka alipofariki, kisha ukabaki mikononi mwake. Kibao cha mlangoni kilikuwa bado kimeandikwa DOBI BABA NA WANAWE, ingawa katika wana hao alibaki yeye peke yake, pamoja na mjane wa kaka yake aliyeishi vyumba vya nyuma na ambaye hakuwahi kufua shati la mteja hata siku moja, lakini aliulinda udobi ule kuliko mbwa wa geti. Mjane huyo alikuwa mwalimu mstaafu. Mtaani walimwita Mwalimu, na Mzee Pasi alimwita Shemeji.

Vitambaa vya meza vyenye doa vilitoka kwa Mlebanoni. Mwenye mkahawa ule alikuwa na jina lake, lakini nani alilihitaji? Yeye alikuwa Mlebanoni, mkahawa ulikuwa Kwa Mlebanoni, na kituo cha basi kilichokuwa mbele yake nacho watu walikiita hivyo hivyo. Mkahawa ulikuwa na meza kubwa katikati na meza ndogo za watu wawili wawili zilizopangwa kando ya ukuta. Doa halikutokea kamwe kwenye vitambaa vikubwa. Lilitokea kwenye vidogo, tena katika kimoja tu, wiki baada ya wiki, na kila mara lilikuwa ndani ya pindo, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili na kushonwa.

Mtu mwingine angelisugua akaendelea na kazi zake. Mzee Pasi alilisugua, lakini hakuweza kuendelea na kazi zake. Yeye alikuwa mtu wa kutaka kujua. Nguo ikiingia dukani, alipenda kujua ilikuwa wapi na ilifanya nini. Doa la wino kwenye mfuko wa shati, la hina kwenye mto, la grisi kwenye goti moja tu la suruali, yote aliyauliza maswali na mengi yalimjibu. Hili la punje ya kahawa lilimnyamazia.

Alikuwa na dhana moja. Kwa Mlebanoni, wageni huletewa kwanza kisahani cha zeituni zilizolowekwa kwenye chumvi na mafuta. Zeituni ina kokwa. Kokwa ni ndefu kidogo, ina mstari. Bila shaka alikuwapo mteja mwenye aibu ya kutema kokwa mbele za watu, anayeichomoa mdomoni kimyakimya na kuibana kwenye pindo la kitambaa chini ya meza. Na kitunguu saumu? Basi huyo mteja alikuwa akila pia tum, ule mchuzi mweupe wa Mlebanoni, mzito kama krimu, unaotengenezwa kwa kitunguu saumu, mafuta na ndimu. Kilichobaki kilikuwa kumjua mteja.

Alhamisi moja alipeleka vitambaa kama kawaida. Mlebanoni alimpokea mlangoni mwenyewe, jambo lisilo la kawaida.

"Karibu, Mzee Pasi. Kaa."

"Nimeshakaa."

"Basi kaa zaidi." Mlebanoni alivuta kiti chake karibu na kuweka kitambaa kimoja mezani, pindo juu. "Hili nalo?"

Mzee Pasi hakuhitaji miwani. "Nimelifua mara tatu. Linapungua, haliishi. Limeingia katikati ya kunjo."

"Juzi mteja kaniuliza kama vitambaa vyangu navifua au nakung'uta tu makombo. Nilicheka naye, lakini usiku sikucheka." Alishusha sauti. "Ndugu yangu, watu wa mashine wamekuja. Wana gari. Wanachukua asubuhi, jioni wanarudisha vimefungwa kwenye nailoni. Baba yako alimfulia baba yangu, kwa hiyo sikuwajibu. Lakini Alhamisi ijayo nitawajibu. Nikiliona tena doa hili, mimi na wewe tutabaki marafiki wa salamu."

Vitambaa vya Mlebanoni ndivyo vilivyoujaza udobi. Lakini si hilo tu lililomuuma Mzee Pasi. Kazi iliyofanywa na baba yake na kaka yake ingeondoka kwenye mikono yake yeye, tena kwa sababu ya uchafu.

"Na yule dada wa meza ndogo nimeshamwambia," Mlebanoni aliendelea, akielekeza kidevu kwa mhudumu mrefu aliyekuwa akipanga vikombe. "Meza zile ni zake, na chupa ya mafuta ya zeituni anaizungusha yeye. Kama siyo wewe, ni yeye. Doa likionekana tena, anarudi nyuma kuosha vyombo."

Yule dada alikuwa ameosha vyombo jikoni mwaka na ushei kabla ya kupewa aproni nyeusi ya kuhudumia wageni. Mzee Pasi alikumbuka siku alipoivaa mara ya kwanza. Aliomba ipigwe pasi hata kabla haijachafuka.

*

"Shemeji," alisema Mzee Pasi jioni ile, wakiwa mezani. "Alhamisi nitakwenda kukaa kwa Mlebanoni mchana kutwa."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia watu wanavyokula."

Mwalimu alivua miwani yake, akaiweka kando ya sahani. "Hebu rudia, nisikie vizuri."

Akarudia, akaeleza na habari za kokwa. Mwalimu alimsikiliza kwa subira aliyokuwa akiwasikilizia watoto wa darasa la pili walipodai daftari limeliwa na mbuzi.

"Ukoo huu umetoa walimu, wauguzi, na karani mmoja wa mahakama," alisema mwishowe. "Haujatoa mtu wa kuchungulia sahani za wenzake."

"Umetoa madobi pia."

"Madobi, ndiyo. Madobi wa heshima. Kaka yako hakumwangalia mtu mdomoni tangu azaliwe mpaka alipozikwa." Aliichukua miwani, akaipangusa. "Huyo Mlebanoni kasema kweli atawapa watu wa mashine?"

"Kasema."

"Wakati kibao cha baba yenu kiko pale mlangoni, kila apitaye anakisoma."

"Ndiyo hivyo."

Mwalimu akavaa miwani, akaendelea kula, na Mzee Pasi akadhani yamekwisha. Sahani zilipokuwa zikiondolewa ndipo aliposema, kana kwamba anaomba apitishiwe chumvi, "Nitakwenda nawe. Ukienda peke yako utanusa vitambaa watu wakiwa bado wanakula, na mimi sitaki kuyasikia hayo kutoka kwa majirani."

Hofu yake haikuwa ya bure. Mikono ya Mzee Pasi ilikuwa na tabia yake. Ikiona kitambaa, lazima ikiguse. Alishika pazia za watu aliokwenda kuwatembelea, kola za watu waliosimama mbele yake benki, na katika harusi ya binti wa jirani aliokota ncha ya shela la bibi harusi akaisugua kati ya vidole mpaka bwana harusi akamuuliza kama anataka kuinunua. Mwenyewe hakuwa na habari. Ukimwambia, anashangaa kama wewe.

*

Alhamisi ilipofika, Mwalimu alivaa gauni lake la kijivu la mikutano ya wazazi, na Mzee Pasi alivaa koti. Hakuwahi kula kwa Mlebanoni bila koti. Kila Alhamisi, baada ya kukabidhi vitambaa, alikaa meza ndogo ya mwisho, ile iliyoegemea ukuta chini ya picha kubwa ya mlima wenye theluji, akala kwa pesa yake kama mteja yeyote. Ilikuwa anasa yake pekee. Hakuvuta sigara, hakucheza karata, na nyumbani alikula chochote alichopewa. Lakini Alhamisi ilikuwa Alhamisi.

Mwalimu alikuwa hajawahi kuingia humo. Kwake yeye, kula hotelini kulikuwa ni jambo la wasafiri na la watu waliogombana na wake zao. Alikaa wima, mkoba mapajani, akiangalia meza, glasi, na kitambaa cheupe kilichonyooka mpaka pembeni.

"Hiki ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu."

"Kimenyooka," alisema, na Mzee Pasi, ambaye hakuwa amesifiwa na Shemeji tangu msiba, hakujua aweke wapi macho.

Yule dada mrefu alikuja na mikate myembamba iliyofura kama mito, mvuke ukiwa bado ndani yake. Akafuatisha visahani: zeituni, mtindi mzito uliochimbwa katikati na kujazwa mafuta, rojo la dengu na ufuta, bilinganya iliyochomwa mpaka ikawa laini na harufu ya moshi, saladi ya majani mabichi yaliyokatwa madogo madogo yakachanganywa na ngano na ndimu. Mwalimu alivihesabu kwa macho.

"Dada, tumeagiza kuku tu."

"Kuku anakuja, mama. Hivi ni vya kumsubiria."

"Kuku wa hapa anasubiriwa kuliko mkuu wa wilaya."

Dada alicheka, akamwonyesha namna ya kuchana mkate na kuukunja kama kijiko. Mwalimu alikataa kwanza, akaomba kijiko cha kweli, akakitazama kijiko, akatazama meza za jirani ambako hakuna aliyekuwa nacho, kisha akakiweka chini na kuuchana mkate. Alichovya bilinganya. Akatafuna polepole, uso wake hausemi kitu. Akachovya tena.

"Hii imechomwa moja kwa moja juu ya moto?"

"Ndiyo, mama. Na maganda yake. Mpaka inyong'onyee."

"Na ufuta umesagwa mbichi au umekaangwa?"

"Hilo nitamuuliza mpishi."

"Muulize. Na hii nyekundu iliyonyunyizwa hapa, yenye uchachu, ni nini? Si pilipili."

"Ni matunda ya mti fulani wa kwao, yamekaushwa yakasagwa."

"Mti gani?"

"Mama, nitamuuliza na hilo."

Dada alienda akarudi, akaenda akarudi, kila mara na jibu na kisahani kingine, na kufumba na kufumbua meza ile ikawa kama darasa lililochangamka. Kuku alipofika, ameiva kwa mkaa, ngozi ikilia chini ya kisu, kando yake palikuwa na bakuli dogo la tum. Mwalimu aliionja kwa ncha ya mkate na nyusi zake zikapanda.

"Hapa kuna mayai."

"Hakuna."

"Kuna maziwa, basi."

"Hakuna, mama. Ni kitunguu saumu, mafuta, ndimu na chumvi. Kinapondwa mpaka kinabadilika."

"Kinabadilikaje kiwe cheupe namna hii? Mafuta si meupe." Alilitazama lile bakuli kama mtu aliyedanganywa kwa upole. "Nitalijua tu."

Mzee Pasi alikuwa akila pia, na kwa furaha, kwani kuku yule hakuwa wa kuliwa kwa huzuni. Alichana, akachovya, akakunja, akatia kinywani, na kila alipotafuna macho yake yalizunguka ukumbini yakitafuta kokwa. Meza ya tatu kutoka kwake alikuwa amekaa bwana mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake kisahani cha zeituni kilikuwa kinakwisha kwa kasi. Kokwa zilikwenda wapi? Mkono ulipanda mdomoni, ukashuka chini ya meza, ukapanda tena.

"Ndiye," alinong'ona Mzee Pasi.

"Nani?"

"Yule. Angalia mkono."

"Kula, Shemeji."

Lakini Mzee Pasi alikuwa ameshasimama. Alipita kama mtu aendaye kunawa, akapunguza mwendo, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Bwana mnene aliinama naye, vichwa vyao vikakutana usawa wa meza.

"Mzee, umepoteza kitu?"

"Kokwa," alisema Mzee Pasi, ambaye kwa uongo hakuwa fundi.

Bwana mnene alifungua kiganja. Kokwa zake zote zilikuwa ndani ya leso ya karatasi, zimefungwa vizuri. "Chagua. Hii hapa bado ina nyama kidogo."

Watu wa meza ya jirani walicheka. Mzee Pasi alirudi kitini uso umemshuka. Mwalimu alikuwa ametazama picha ya mlima wakati wote ule, kama mtu asiyekuwa pamoja naye.

"Siye," alisema Mzee Pasi.

"Nimesikia kuwa siye. Mkahawa mzima umesikia."

Mzee Pasi alikata kipande cha kuku, akakichovya kwenye tum mpaka kwenye vidole, akala, akatafuna kwa mawazo. Kama si yule bwana mnene, basi nani? Mama mwenye mtoto pale dirishani hakula zeituni. Wale vijana wawili walikula baklava tu, kile kitafunwa cha asali. Labda mteja mwenyewe huja jioni. Labda hakuna kokwa yoyote. Labda…

"Shemeji," alisema Mwalimu.

"Naam."

"Unafanya nini?"

"Naangalia."

"Siyo macho. Mkono."

Mzee Pasi aliteremsha macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya ukingo wa meza, upande wa ukutani, mahali ambapo hakuna mhudumu angeweza kuona. Ulikuwa umeshika pindo la kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, na hilo gumba lilikuwa likienda na kurudi, taratibu, kwa raha zake, kama unavyompapasa paka.

Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Geuza," alisema Mwalimu.

Aligeuza kwanza pindo. Alama mbichi ya mafuta ilikuwa pale, ndefu kidogo kuliko upana wake, inang'aa, na katikati palikuwa na mstari mkavu. Kisha akageuza kidole. Kovu la kuungua kwa pasi lililikata gumba katikati, tangu alipokuwa kijana anajifunza kazi kwa baba yake. Kovu lile lilikuwa bonde dogo. Mafuta yalilienea gumba lote, lakini bonde lile halikugusa kitambaa.

Ajabu ni kwamba kilichomjia Mzee Pasi kwanza hakikuwa aibu. Ilikuwa ni ile raha ya kulipata jibu. "Kumbe linaingia likiwa la moto," alisema kwa sauti ya chini. "Kidole kimetoka kwenye kuku, kina joto. Ndiyo maana linazama mpaka ndani ya kunjo. Shemeji, wiki zote hizi, ni mimi."

"Sema polepole."

"Ni mimi, Shemeji."

"Nimesema polepole." Mwalimu alilivuta pindo akalishusha mahali pake, akatandaza leso juu ya mkono wa shemeji yake kama anayefunika kidonda. Alitazama kulia na kushoto. Bwana mnene alikuwa anachokonoa meno. Hakuna aliyewaona. "Sikiliza. Kitambaa hiki atakipiga pasi nani?"

"Mimi."

"Basi utafumua pindo, utalisafisha doa kutoka ndani, utashona. Kuanzia leo unakula umekalia mkono mmoja. Doa litakwisha. Mlebanoni atafurahi, watu wa mashine watakwenda na nailoni zao, na hakuna mtu mtaani atakayesema kwamba dobi wa nyumba ile ndiye anayechafua vitambaa anavyovifua mwenyewe. Unajua watakavyolisema? Watalisema kwa miaka."

Mzee Pasi alijua. Yeye mwenyewe angelisema.

Dada akaja na kahawa yenye iliki katika vikombe vidogo, na vipande viwili vya baklava ambavyo hawakuagiza. "Hivi ni vyangu," alisema. "Leo mama kaniuliza maswali mazuri. Wageni wengine wananiuliza choo tu."

"Asante, binti yangu," alisema Mwalimu. "Umekaa hapa mbele muda gani?"

"Si muda mrefu, mama. Na labda ndiyo leo tu. Kuna doa linaniandama." Alijaribu kulichukulia kimzaha. "Nimeifuta ile chupa ya mafuta mpaka lebo imetoka. Usiku naiota. Likionekana tena, mkija mtanikuta kule nyuma, nina mapovu mpaka kwenye viwiko."

Akaenda kuhudumia meza nyingine. Mzee Pasi hakugusa kahawa.

"Shemeji, ukiniruhusu niseme."

"Sema."

"Nikilitoa hili, na nikaacha kushika, doa litakwisha wiki hii. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Litakwisha mara tu baada ya yule binti kuonywa. Mlebanoni atasemaje? Atasema, 'Umeona? Alikuwa yeye. Nilimtisha, akaacha.' Ataendelea kumtazama hivyo maisha yake yote."

Mwalimu alichukua kipande cha baklava, akakiuma, karatasi zake nyembamba za unga zikavunjika na asali ikamdondokea kidoleni. Hakuipangusa. Alikuwa akimtazama yule dada, jinsi alivyoweka sahani mbele ya mama mwenye mtoto, akihamisha kisu mbali na mkono wa mtoto bila mtu kumwambia. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

"Kaka yako angefanyaje?" aliuliza.

"Kaka asingeshika kitambaa."

"Hiyo ni kweli." Alinawa vidole kwenye glasi ya maji, kitu ambacho asingekubali mtu mwingine yeyote akifanye mbele yake. "Funga vifungo vya koti."

"Shemeji?"

"Funga vifungo, simama. Watu wa nyumba yetu hawakiri mambo wakiwa wameketi."

Mzee Pasi alijikaza kisabuni, akasimama. Mwalimu alisimama kando yake, mkoba mkononi, akamwita Mlebanoni kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha viwanja vya shule. Mlebanoni akaja akijifuta mikono. Dada naye alisogea, na bwana mnene akageuza kiti chake kabisa, bila kujificha.

"Doa ni langu," alisema Mzee Pasi. "Chupa ya dada haihusiki. Nikila, nashika kitambaa. Sijui kama nashika, lakini nashika. Angalia."

Akalinyoosha pindo, kisha gumba. Mlebanoni alitazama kimoja, akatazama kingine. Alikwenda kabatini, akarudi na kile kitambaa cha wiki iliyopita, akachukua mkono wa Mzee Pasi kama anayechukua muhuri, akauweka juu ya doa. Kovu lilikaa juu ya mstari.

"Kumbe ndiyo ile kokwa," alisema bwana mnene.

Mlebanoni aliendelea kulitazama doa, na Mzee Pasi akauona udobi wote umefungwa, kibao kimeshushwa, kamba za nguo tupu. Dada alikuwa ameshika ncha ya aproni yake kwa mikono miwili.

"Nikuulize," alisema Mlebanoni. "Wale watu wa mashine wangelitoa doa hili?"

Mzee Pasi alifikiri. Lilikuwa swali la haki, na alitaka kulijibu kwa haki. "Sidhani. Liko ndani ya kunjo. Lakini wao wasingelitia."

Mlebanoni alianza kucheka kwa pua, kisha kwa mabega, kisha ikabidi akae kwenye kiti cha Mzee Pasi. "Baba yangu alikuwa anasema baba yako ni mtu mgumu," alisema akijifuta macho. "Hakunitajia kuwa ni mgumu wa namna hii." Akamgeukia dada. "Wewe, samahani. Aproni ni yako, na mbele ni kwako."

"Na vitambaa?" aliuliza Mwalimu, ambaye hakuwa amekuja kucheka.

"Vitambaa vinabaki kwake, Mwalimu. Ila mezani hatabaki navyo." Akainuka, akahamisha vikombe na sahani, akashika kitambaa cha meza ile ndogo na kukivuta chote, kikafuata mkono wake kama shuka. Chini yake palikuwa na ubao mtupu wa kahawia. "Kuanzia leo, Mzee Pasi, wewe utakula hapa."

*

Ndugu walipouliza, maana habari za aina hii hazikosi mbebaji, Mwalimu aliwaeleza mwenyewe kabla ya mtaa kuwaeleza. Alisema kwamba Mlebanoni amemtengea shemeji yake meza maalumu, tofauti na za watu wengine wote, na kwamba vitambaa vimebaki kwenye nyumba ile kama vilivyokuwa tangu enzi za baba mkwe. Yote mawili yalikuwa kweli. Aliyetaka zaidi ya hapo alitazamwa juu ya miwani mpaka akakumbuka ana safari.

Alhamisi hizi huenda naye. Anasema anakwenda kumchunga, lakini hukaa karibu na mlango wa jikoni akisikiliza mchi unavyoponda kitunguu saumu. Nyumbani ameshajaribu kutengeneza tum mara kadhaa na imekataa, inabaki mafuta juu na saumu chini. Mpishi amemwambia siri iko kwenye kumimina polepole. Mwalimu anasema hakuna mtu aliyewahi kumimina polepole kuliko yeye, na kwamba kuna kitu wanaficha.

Na Mzee Pasi anakula kuku wake kwenye ubao, koti limefungwa vifungo, dada akimwekea leso za karatasi kwa rundo. Siku moja mhudumu yule alimwona ameacha kutafuna ghafla, kichwa kimeinama upande mmoja. Gumba lake lilikuwa chini ya ukingo wa meza, linaenda na kurudi.

"Dada," alimwita. "Hebu kaniulizie. Ubao huu nani aliupiga randa? Huku chini kaacha mahali pamoja hapajalainika."